Mtungi Aliokunywa Mama Kaa

Mmenibana leo, wajukuu zangu. Mnataka kujua kwa nini huyu kaa ninayemsafisha hatoi damu nyekundu kama kuku wa jana. Haya, vuteni vigoda, lakini msinikatize, maana kisa chenyewe kinanichanganya hata mimi.

Hapo kale damu ya viumbe wote haikuwa na rangi. Mnyama akijeruhiwa, wenzake walidhani ni jasho, wakampita. Mhunzi Shekigenda akaona huruma. Akawaita wote waje wanywe maji ya mtungini anayozimia chuma cha moto, mekundu kwa kutu, ili damu yao ionekane.

Mama Kaa alikwenda mbio, amembeba mwanawe aliyekatika gando. Mganga Kima alikuwa amekataa kumtibu. "Jeraha silioni, mama. Nifunge nini?"

Sasa kwa mhunzi kuna adabu yake. Unaingia umeinama, macho chini, moto wa mwenyewe huutazami. Mama Kaa akauelekea mtungi wa maji ya chuma, akainamisha macho, akaenda. Lakini kaa mnamjua, huenda ubavu. Miguu ikamfikisha kwenye mtungi wa pili, wa kuzimia bangili za shaba. Akanywa, akamnywesha mtoto.

Nje, swala akajikwaruza, damu ikatoka nyekundu. Ng'ombe naye, nyekundu. Ya mtoto wa Kaa ikatoka, ikapata upepo, ikawa buluu kama kutu ya shaba! Wanyama wakatazamana. Wengine wakacheka, wengine wakarudi nyuma.

"Si tulikuwa foleni moja jamani? Nimekosea wapi?" Mama Kaa akauliza.

Kima akainusa, akakuna kichwa. "Mimi nafunga damu, mama. Hii sijui ni nini."

Mama Kaa akarudi kwa mhunzi, akakuta mtungi wa chuma umekauka. Maskini, alilia mpaka akachoka. Kisha akamwingiza mwanawe shimoni, akamkandika tope, akakaa mlangoni kungoja afe. Mtoto hakufa. Alipojivua gamba, palipokatika pakachomoza kigando kipya. Mama akakigeuzageuza, asielewe.

Na tangu siku hiyo kaa akiumia haendi kwa mtu. Huingia shimoni na damu yake ya shaba, akatulia, na gando huota jingine. Sisi wa damu nyekundu tunaonekana tukivuja, waganga tunao tele, na mkono ukikatika haurudi. Sasa nani alikunywa mtungi usio wake? Nimezeeka nikijiuliza.