Siku Walipoikausha Ndiva

Mtu mmoja wa milima ya Upare alikuwa na mke aliyempenda, na mke huyo alikuwa na kidonda mguuni kisichosikia dawa. Mume aliitwa Eliewaha, mke Nakijwa. Hospitali walimpa vidonge, wakavibadilisha, wakamchoma sindano, na kidonda kikazidi kuchimba. Daktari alikwisha sema wazi: kikifika mfupani, mguu utakatwa.

Eliewaha ndiye aliyeitunza ndiva ya kitongoji, lile bwawa ambamo Wapare hukusanya maji ya mfereji ili yawatoshe kumwagilia mashamba. Ndani yake waliishi vyura wadogo, wenye ngozi ya utelezi. Hakuna aliyewapenda. Kwao chura akiingia ndani ya nyumba hutupiwa chumvi, maana husemekana ametumwa.

Akaja mtafiti, binti mpole tu, anatafuta dawa katika ute wa ngozi za vyura. Akawa anamshika chura, anampangusa mgongo kwa pamba, anamrudisha majini. Watu wakacheka: mtu na elimu yake anapapasa vyura! Akaomba ruhusa, akakipangusa na kidonda cha Nakijwa. Hakuahidi kitu. Alisema anakwenda kupima, akipata jibu atarudi.

Alipoondoka, kidonda kikanuka zaidi, na hapo maneno yakaanza. Wakasema binti yule amewaamsha vyura, na vyura ndio wanaomla mgonjwa. Jirani mmoja akamwambia Eliewaha usoni, "Mume gani wewe, unafuga vyura na mkeo anaoza?" Neno hilo lilimchoma. Na tusimcheke, ndugu zangu. Huyu alikuwa mtu aliyekosa usingizi kwa kumpenda mkewe.

Akaitisha msaragambo, kazi ya wote ya kusafisha ndiva, ila safari hii kila nyumba ilikuja na chumvi. Wakafungua mlango wa ndiva, maji yakatoka yote, vyura wakabaki wanarukaruka kwenye tope. Jamani! Walimwagiwa chumvi mpaka tope likawa jeupe. Wa kwanza kumwaga alikuwa Eliewaha mwenyewe. Tena waliimba! Jioni akamwambia mkewe alale kwa amani, adui amekwisha.

Kesho yake asubuhi mtafiti akafika anahema, hata shikamoo aliitoa nusu. Vijidudu vya kidonda cha Nakijwa, vile vilivyozishinda dawa za hospitali, vimekufa maabara kwa ute wa vyura wale. Bado haijawa dawa, akasema, kazi ingali mbele, lakini tumaini lipo, na wakubwa wake wamekubali kuanza na mgonjwa huyu. Anachohitaji ni vyura wazima, na aina ile hajaiona kwingine kokote.

Eliewaha alishika mwimo wa mlango.

"Mwanangu," akasema, "jana tuliwaua wote ili mama apone."

Binti akakaa chini palepale, kwenye vumbi. Ndani, Nakijwa alikuwa amesikia kila neno. Alivuta kanga, akaufunika mguu wake, akageukia ukutani. Mguu ule ulikatwa kabla mvua za vuli hazijaanza.

Ndugu zangu, mimi nilishtuka niliposikia habari hii, na mpaka leo mshtuko haujanitoka. Wahenga walitukataza kutukana wakunga na uzazi ungalipo. Sisi hatuishii kuwatukana, tunawaua kabisa, tena kwa mapenzi mema, tena kwa umoja! Basi wewe unayepiga magoti kila siku ukiomba uponyaji, umewahi kujiuliza ulichokiua kwa kukichukia kilikuwa kimetumwa na nani?