Chupa Moja, Majina Matatu

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi, ni zamani hii ya watu wenye simu mifukoni, palikuwa na nchi ya tambarare chini ya milima ambako mbuzi walitupa mimba, wengine wakafa nazo. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka watoto wakasahau ladha ya maziwa. Wengine wakalaumu majani. Wengine wakalaumu maji. Wasio na kazi wakalaumu wakwe zao.

Alikuwapo mtaalamu wa virusi, Daktari Nakunda. Akaandika makala, akasema, "Si majani, si maji. Ni kirusi, na kinaletwa na usubi, vile vijidudu vinavyouma mbuzi jioni." Ushahidi wake ulikuwa haba, lakini alisema.

Akaja Profesa Kajiru, bingwa wa maradhi ya mifugo, mwenye kitambi na sifa. Naye akaandika yake: "Usubi wa Daktari Nakunda wanaishi kichwani mwake." Basi! Wasomi nao wana tabia, akicheka mkubwa wanacheka wote. Kila aliyeandika habari za mbuzi alimtaja Nakunda apate pa kuchekea. Akatajwa huku, akatajwa kule, akatajwa mpaka nchi za theluji.

Sasa huko kwa wasomi mtu hupimwa kwa kutajwa. Makala yako ikitajwa sana, wewe ni mkubwa. Na mashine inayohesabu haina masikio, tusi na sifa kwake ni mamoja. Mkuu wa chuo akampigia Nakunda simu.

"Hongera, Daktari! Mwaka huu umetajwa kuliko sisi sote!"

"Umesoma wanachosema?"

"Aa, nimeona idadi tu."

Nakunda akakata simu. Akafunga maabara yake, akaenda kulima kabichi. Mbuzi wakaendelea kutupa mimba.

Akaja binti, Elitunu, mwanafunzi wa Profesa. Kila makala anayofungua, anamkuta Nakunda. Akasema, "Profesa, huyu mama ametuchosha. Niruhusu nikawapime hao usubi wake, tumzike moja kwa moja."

"Nenda, mwanangu. Jeneza nitachonga mimi."

Elitunu akaenda. Akalala zizini, akaumwa na usubi mpaka uso ukaumuka kama andazi. Akawanasa, akawapima. Kirusi kikaonekana. Akapima tena, akiomba kisionekane. Kikaonekana.

Akarudi chuoni. "Profesa, lile jeneza ni letu."

Profesa akavisoma vile vipimo mchana kutwa. Kisha akafanya jambo ambalo wenye vyeo hulikimbia kama moto: akasimama mbele ya wasomi wenzake akasema, "Nilikosea. Nakunda alisema kweli." Wangemwamini binti peke yake? Wapi! Walimwamini yeye. Chanjo ikatengenezwa, mbuzi wakachanjwa, na mvua za vuli ziliposhuka mazizi yakajaa sauti za vitoto. Jamani, watu walikaa chini wakapumua! Mtoto akimwaga maziwa, mama anacheka.

Ikabaki shida ya jina. Chupa ya chanjo ni ndogo kama kidole, inaingia jina moja tu. Mwenyekiti wa wafugaji, Mama Nanzia, akawaita wote watatu zizini kwake.

"Jina nitakaloandika ndilo wajukuu wangu watakaloita. Semeni, ila kwa kifupi, nina mbuzi wa kukamua."

Nakunda akaanza. "Miaka yote nimetajwa kwa kuchekwa. Kutajwa kwa heshima sikujui kunafananaje. Neno lilikuwa langu, mama. Nipeni hiyo chupa."

"Neno lako, sikatai. Lakini ulikwenda kwenye kabichi, mbuzi wangu wakateketea."

"Ungechekwa wewe, ungekaa?"

"Mimi wifi zangu wananicheka tangu naolewa. Nimehama?"

Profesa akakohoa. "Mimi uso sina, hoja ninayo. Nisingemcheka, nani angelijua jina lake? Makala yake ingeliwa na mchwa. Na nisingekiri, chanjo isingepita."

"Ehe! Kwa hiyo nikushukuru kwa kunitukana?" akauliza Nakunda.

"Sikusema unishukuru, dada. Nasema ilivyokuwa."

"Na ilivyokuwa," akasema Mama Nanzia, "ni kwamba kicheko chako kilituchelewesha mpaka nikazika nusu ya zizi."

Elitunu akasema, "Huyu alisema ndiyo, huyu akasema siyo. Aliyekwenda kuangalia ni mimi."

"Ulikwenda kumzika mwenzio, binti."

"Nilikwenda kwa nia hiyo, mama. Lakini nilipoikuta kweli, sikuifukia."

Mama Nanzia akashika kalamu. Akamtazama Nakunda. Akamtazama Profesa, akamtazama Elitunu. Akaiweka kalamu chini.

Haya, nyinyi mliokaa kimya kama mnalipwa, iokoteni hiyo kalamu. Yupo aliyesema kweli akaikimbia, yupo aliyeicheka mpaka dunia ikaisikia, na yupo aliyekwenda kuizika akarudi nayo mkononi. Mbuzi wamepona, hilo limekwisha. Je, kwenye chupa tuandike jina la nani?