Mwali, Nyanya na Jani la Sale

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu, lami ya Rombo ikiwa imekwisha kutandikwa na vumbi limehamia kwa wengine, lilitokea jambo ambalo nililiona kwa macho yangu haya haya. Nilikuwa kwenye kihamba lilipoanzia, nilikuwa bondeni Himo lilipokwama, nilikuwa kwenye kona za Mwika lilipoanguka, na nilikuwa mlangoni pa baraza lilipoishia. Msiniulize nilifikaje kote huko. Nilifika.

Marehemu Deodatus Kavishe alikuwa akitembeza wageni kwa pikipiki kubwa za safari, zile zenye kioo mbele cha kukata upepo na maboksi pembeni kama punda wa mizigo. Alipofariki aliacha mke, Mama Anasia. Aliacha kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Na aliacha pikipiki mbili, kiwanda kimoja, jina moja la kiwandani, ila moja ilitangulia kuzaliwa na nyingine ikafuata baada ya miaka mingi. Ile kuukuu aliiita Nyanya. Ile mpya aliiita Mwali.

Mwali alikuwa na kioo kama televisheni, kikikwambia joto, mafuta, na hata tairi linavyojisikia. Nyanya alikuwa na mshale mmoja, nao ulikuwa umelala. Mwali ukimkamata breki haserereki hata kwenye matope. Nyanya ukimkamata breki anafikiri kwanza. Mwali ana vishikio vinavyopasha viganja joto asubuhi za ukungu. Nyanya naye anapasha joto, lakini ni mapajani, na hakuna aliyemwomba. Mwali unabonyeza, anawaka. Nyanya unavuta choki, unasubiri, anakohoa, unamsifu, anakohoa tena, ndipo anakubali.

Waendeshaji wa marehemu walikuwa wawili. Wensi alimwendesha Mwali, na Proches alimwendesha Nyanya. Kila asubuhi walitambiana huku wakifuta vyombo vyao.

"Mangi, hiyo yako ni pikipiki au jiko la mkaa?" Wensi alikuwa akiuliza.

"Hili jiko limefika Kigoma na kurudi," Proches alikuwa akijibu. "Wewe kiti chako bado kina nailoni ya dukani. Unaendesha au unatunza maiti?"

Ni kweli. Wensi hakukubali ile nailoni itolewe kwenye kiti cha Mwali. Alisema kitu kipya huachiwa upya wake. Basi kiti kiling'aa, kikawa kinapiga kelele kama mfuko wa maandazi kila mtu akikikalia.

Sasa, Ludovick, shemeji yake Mama Anasia, aliona kaka yake amelala kaburini akaona na kihamba kimelala wazi. Akang'oa masale ya mpakani, akayapanda upya katikati ya kahawa ya mjane. Nanyi mnajua, kwetu sale ndilo ukuta, sale ndilo shahidi. Mama Anasia akaenda baraza la ardhi la kata. Mwenyekiti akaahirisha, akaahirisha tena, mwisho, asubuhi moja, akasema leo hii, kabla hajafunga shauri kwa ajili ya chakula cha mchana, aliyeyapanda masale yale mwanzo na aje aseme aliyapanda wapi. Asipokuja, mpaka utabaki ulipo. Na ukibaki ulipo, Mama Anasia anabakiwa na nyumba, choo na mgomba mmoja wa kufungia mbuzi.

Aliyeyapanda alikuwa hai. Aliitwa Epimaki Tairo, Meku kwa wanaomheshimu, mzee aliyehamia bondeni Himo kwa mwanawe. Lakini mzee huyo alikuwa na kinyongo. Miaka ile marehemu Deodatus alimpakia kwenye Nyanya, wakapita mbele ya wakwe wa mzee kwa kasi, upepo ukamvua kofia. Mzee akapiga kelele, Deodatus hakusimama. Wakwe wakakiona kipara. Mzee akaapa mbele yao hatakanyaga kwa Kavishe tena wala kupanda pikipiki ile, na simu kutoka kwa Kavishe hapokei.

Asubuhi hiyo Mama Anasia akasimama uani, kitenge kimemlegea mabegani, akasema, "Wanangu, sina kaka, sina gari, ninao nyinyi. Atakayenifikishia Meku Tairo barazani kabla shauri halijafungwa, ufunguo wa Mwali ni wake. Nyanya nitabaki naye mwenyewe, tumezoeana."

Proches akasikia moyo unampiga teke. Mwali! Vishikio vya joto! Akamtazama Wensi, Wensi keshavaa kofia ngumu.

"Subirini nikakate jani la sale," Mama Anasia akasema. "Bila jani hatakuja."

"Mama, dunia imebadilika," Wensi akasema. "Nitampigia honi tu, mwenyewe ataruka." Akabonyeza.

Mwali akaruka. Nyanya akakohoa.

Proches akavuta choki, akasubiri, akamsifu, akambembeleza. Na hapo alipokuwa akibembeleza, Mama Anasia akarudi mbio kutoka mpakani na jani la sale, akalipiga fundo kwa mkono wake, akamtilia Proches mfukoni. Nyanya angewaka upesi, Proches angeondoka mikono mitupu kama mwenzake. Hilo nawaachia.

Wensi alifika Himo chai ya watu ikiwa bado mezani. Mzee Tairo alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo Meku. Panda twende, Mama Anasia anakuita barazani."

"Marahaba. Mama Anasia wa nani?"

"Wa Kavishe."

Mzee akarudi kwenye maharage yake. Wensi akamweleza shauri. Mzee akachambua. Wensi akamwonyesha kioo kama televisheni. Mzee akachambua. Wensi akapiga honi. Kuku wakaruka, mzee akachambua.

Wensi alikuwa amekaa chini, kofia ngumu magotini, Nyanya alipoingia uani akitoa moshi. Mzee alipoiona ile pikipiki akasimama, ungo ukamwaga maharage.

"Hiyo! Hiyo ndiyo iliyonivua kofia!"

Proches alishuka, akapiga goti kwenye maharage, akatoa jani lenye fundo kwa mikono miwili. "Meku, Mama Anasia amelifunga mwenyewe. Anakuomba radhi kwa niaba ya aliyelala."

Mzee akaligusa lile fundo kwa kidole. Kwetu sale lenye fundo halikataliwi, hata kama limeletwa na aliyekuchomea nyumba. Akalipokea. Akapangusa jicho, akasingizia vumbi la maharage.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini kwa hiyo nyanya yenu, sipandi ng'o. Nipakieni kwenye hiki kinachong'aa."

Wensi akacheka hadi magego yakaonekana. "Umesikia, mangi? Asante kwa kuleta majani." Akampandisha mzee, nailoni ikalia kwa furaha.

Mwali akaruka. Nyanya akakohoa, akafuata.

Kutoka Himo barabara ni kupanda, nyie mnaijua. Marangu ikapita, Mwali anapanda kama moshi. Kwenye kona za Mwika, Wensi akaona jua limesimama juu, akakaza. Mwali akavuta kwa nguvu zake zote za kisasa, na mzee, juu ya nailoni inayoteleza, na suruali yake ya sikukuu inayoteleza, akaanza kurudi nyuma. Akarudi, akarudi, akaona kiti kimekwisha. Akamshika Wensi shingo. Wensi akayumba, Mwali akalala ubavu kwenye nyasi, mzee akaketi taratibu katikati ya magimbi ya watu, kofia yake kichwani. Safari hii kofia ilibaki. Yeye ndiye aliyeruka.

Proches alipofika akawakuta hivi: mzee mzima, Wensi mzima, Mwali amesimamishwa lakini mkono wa klachi umekatika kama kijiti cha mwanzi, na kioo chake kimejaa taa nyekundu. Wensi anabonyeza. Kimya. Anabonyeza. Kimya.

"Ameshtuka," Wensi akasema, na sauti yake haikuwa na majigambo. "Anguko limemzima. Hata angewaka, bila klachi hatutoki hapa. Mchukue wewe mzee, Proches."

"Nimesema sipandi!" mzee akafoka kutoka kwenye magimbi. "Nimeapa mbele ya wakwe."

Sasa mtazameni Proches. Jua liko juu. Baraza liko mbele, na juu zaidi. Ana pikipiki nzima, hana abiria. Mwenzake ana abiria, hana pikipiki. Na kiwanda ni kimoja, jina ni moja, basi matundu ya mkono wa klachi ya Nyanya na ya Mwali ni yaleyale. Proches alilijua hilo. Alijua pia kwamba akinyamaza, Wensi hapati kitu. Yeye naye hapati. Ila Mama Anasia angebaki na choo na mgomba wa mbuzi.

Akatukana kidogo. Akatoa spana. Akafungua mkono wa klachi wa Nyanya, akaufunga kwa Mwali.

"Mangi..." Wensi akaanza.

"Usinishukuru. Utaniudhi."

Wakabonyeza. Kimya bado. Taa nyekundu bado. Wakambembeleza Mwali kwa maneno ya Nyanya, hajui lugha hiyo. Mzee Tairo akainuka kwenye magimbi, akajipangusa, akaja, akaona zile taa.

"Nyie vijana mnachoma umeme bure," akasema. "Kitu hakitembei, taa za nini?" Akanyoosha mkono akauzungusha ufunguo, pwa, giza. Kisha akaona aibu kugusa cha mtu bila ruhusa, akaurudisha kama ulivyokuwa.

Wensi akabonyeza. Mwali akanguruma.

Kumbe chombo kile kikianguka hujifunga chenyewe, hakifunguki mpaka ufunguo uzimwe na kuwashwa upya. Wensi hakujua. Proches hakujua. Na mzee hakujua pia, alikuwa anabana matumizi.

Wensi akaichana nailoni kwa meno, akaitupia kwenye boksi. Mzee akakaa, akatulia kama kiazi. Mwali akaruka.

Proches akabaki na Nyanya asiye na klachi. Akaubana waya kwa koleo, akawa akitaka kubadili gia anavuta koleo kwa mkono, anaachia, Nyanya anashtuka, anakwenda. Alifika kwenye ofisi ya kata, ile inayopakana na kihamba, viganja vinatoka damu, akakuta watu wote wako nje, wamezunguka shimo kwenye mpaka wa kihamba. Mwenyekiti alikuwa na kalamu iliyofunguliwa bado. Mzee Tairo alikuwa ameonyesha kwa fimbo: chimbeni hapa, palipokuwa sale la kona tulifukia kata ya kunywea mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyovunjika, mimi na baba yake Deodatus, siku tuliyopanda. Wakachimba. Jembe likagonga. Kata ikatoka, imevunjika, nyeusi, na mpini wake.

Ludovick akatazama viatu vyake. Mama Anasia hakupiga vigelegele. Alikaa chini palepale kwenye udongo wake, akaushika kwa viganja viwili.

Alipoinuka, ufunguo wa Mwali, aliokabidhiwa na Wensi alipofika, ulikuwa kwenye ncha ya kitenge, amefungia. Akaufungua. Watu wakasogea.

Wensi akasema, "Mama, ulisema atakayemfikisha. Aliyemshusha mlangoni hapa ni mimi. Mwali aliruka, Nyanya alikohoa. Kwa Nyanya tungefika watu wakiwa wanalala usingizi wa mchana."

Proches akasema, "Mama, bila jani alilobeba Nyanya, Meku angekuwa anachambua maharage mpaka sasa. Na huyo Mwali amefika kwa mkono wa klachi wa nani? Mwangalieni, ameuvaa bado. Mimi hapa nimeendesha kwa koleo."

Na Mzee Tairo akasema, "Nyie mmenibeba kama gunia, sawa. Lakini gunia ndilo lililomeza kinyongo. Gunia ndilo lililowasha chombo mkiwa mmekwama. Gunia ndilo lililojua kata iko wapi. Nipeni mimi huo ufunguo. Nitakaa juu ya Mwali, wajukuu wataniendesha, nipite tena mbele ya wakwe."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, maana waliona anayosema yana uzito. Proches akautazama mkono wa Mama Anasia. Ulikwenda kwa Wensi, ukasita. Ukaja kwake, akasikia moyo ule unapiga teke, ukasita. Ukageuka kwa mzee.

Hapo nawaachia, ila ngoja nisafishe kinywa kwanza, maana nilisema niliona kila kitu na mtu mzima husema kweli inapobidi. Kitu kimoja nimekitia mwenyewe. Mzee Tairo hakuomba ufunguo. Yale maneno ya gunia nimemsemea mimi. Yeye alikuwa amekwisha kwenda kukaa kivulini, jani la sale liko mkononi, kofia magotini, anasubiri apewe maji ya kunywa.

Lakini yote aliyoyafanya aliyafanya. Je, asiyedai anapungukiwa haki kuliko wanaodai? Wensi ndiye aliyefika, Proches ndiye aliyefikisha, na mzee ndiye aliyekubali. Ufunguo ni mmoja na mkono wa mjane uko hewani. Wewe unayenisikiliza na kutabasamu, ungeuweka kwenye kiganja cha nani?