Nondo na Hodi Tatu

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke aliyefundisha bayolojia miaka thelathini na moja, ambaye asubuhi moja alimkuta nondo kwenye pazia la sebuleni. Si hivi vijinondo vya kwenye taa. Huyu alienea kiganja kizima, rangi ya kahawa, na kila bawa lina duara kama jicho.

Jirani yake akachungulia dirishani. "Mwalimu, una mgeni leo! Nondo mkubwa hivyo haingii bure. Ongeza wali."

"Mgeni gani, mama? Huyu ni mdudu. Ana jina lake kitabuni."

"Haya, wewe mtafutie jina. Mimi ningebandika sufuria."

Mwalimu akacheka. Mgeni pekee aliyemtaka hakuwa wa kuletwa na mdudu. Mdogo wake hakuwa amekanyaga pale tangu walipokosana kwenye matanga ya mama yao, mwaka wa nne huo. Mwalimu alikwishaapa: aje yeye kwanza. Na kila jioni alimwomba Mungu alainishe moyo. Wa mdogo wake, si wake.

Akafungua kitabu. Akahesabu macho, akapima mabawa kwa rula bila kumgusa nondo. Alikuwa karibu kabisa kulipata jina aliposikia, "Hodi!" Akanyamaza; mlango ukifunguliwa, nondo ataruka. "Hodi humu!" Akafunua ukurasa. Hodi ya tatu ilikuwa ya sauti ya chini, kama ya mtu anayeomba. Kisha kimya.

Naye akalipata! Jina refu, la Kilatini. Akatoka mbio kumringia jirani.

"Mmeonana?" jirani akamwuliza.

"Na nani?"

"Mdogo wako. Kapiga hodi tatu, akaniuliza kama umo. Nikamwambia yumo, si yule dirishani na kitabu chake? Akasema, 'Basi, nimeelewa.' Akaondoka."

Sasa, ndugu zangu, msiende nyumbani mkasema nimehubiri kwamba nondo huleta wageni. Mgeni huletwa na miguu yake. Nauliza hivi tu: mtu anayetofautisha nondo kwa doa la bawa, alishindwaje kuitambua sauti aliyolala nayo kitanda kimoja utotoni? Na sisi je? Humu kanisani tumo tunaoweza kulichambua neno "msamaha" mpaka kwa Kiyunani. Tunaomba miaka minne; jibu likija kubisha, tunaona linatupotezea ukurasa.

Hodi zake tatu zimekwisha. Ya nne ni yetu sisi, na inapigwa mlangoni kwake.