Chungu cha Mwanamkuu Hakimwagi

Kisa, wajukuu, kisa. Niitikieni, "Na kije." Kije kimejitwika chungu chake. Ukweli tuupe kigoda, uongo tuutandikie mkeka, maana wote ni wageni wetu.

Hapo kale, kale ya kina bibi waliomzaa bibi yangu, palikuwa na mji ukiitwa Mpungani. Msiniulize uko wapi. Mto uliuhama, na mji wa mpunga usio na mto haukai. Na mikono isisimame kwa sababu mimi nasema. Kila mtu na ungo wake, chuya aziweke pembeni. Kibwana, mchele mbichi hautafunwi.

Basi Mpungani alikaa mwanamke jina lake Mwanamkuu, mpishi wa shughuli. Arusi ni yeye, matanga ni yeye, akija mtemi ni yeye. Na watu walikuwa na msemo: chungu cha Mwanamkuu hakimwagi. Povu likianza kupanda tu, yeye keshavuta kuni, keshatia upawa wa maji, povu limerudi chini na adabu yake. Msichana akiacha uji ufurike, Mwanamkuu alimwita Mama Povu, na mji mzima ukamwita hivyo hivyo. Yuko mmoja aliitwa Mama Povu mpaka akapata wajukuu. Mnacheka? Yeye hakucheka.

Sasa, wakaja watu watatu kutoka nchi ya Watamil, ng'ambo ya maji mengi. Mume Muthaiya, mke Valiamai, na mama mkwe, Mama Kamachi, ambaye macho yake yalikuwa yameshafunga. Mtemi akawapa shamba bondeni. Mwaka wa kwanza viboko wakala mpunga. Mwaka wa pili mto ukaubeba. Mwaka wa tatu, wajukuu, wakavuna.

Mama Kamachi hakujua maneno yetu. Alijua mawili tu. Alikaa barazani mchana kutwa, na kwa kuwa macho hayapo, masikio yalimfanyia kazi zote. Mwanamkuu akipita njiani, hata hajasalimu, kikongwe ameshatambua hatua zake na ameshaita, "Mwanamkuu, karibu." Ndiyo maneno yake hayo mawili. Mwanamkuu alipenda kupita hapo. Nani asiyependa kuitwa?

Mavuno yalipoingia ndani, Valiamai akaenda kwa majirani. "Kesho alfajiri njooni kwangu. Tunapika pongali, wali wetu wa mavuno. Tangu tuje huku hatujaupika hata mara moja. Mama amekuwa akiuliza kila mwaka."

Mwanamkuu akasema, "Mdogo wangu, nitakuja mapema nikusaidie."

"Njoo ukae, dada. Kazi ni ndogo."

"Hakuna kazi ndogo jikoni." Mnamsikia? Hajaalikwa kupika, keshajifunga kibwebwe.

Kulipopambazuka wakafika. Uani, Valiamai alikuwa amechora maua chini kwa unga wa mchele. Mwanamkuu akauangalia ule unga, akamwambia mwenzake wa kando, "Chakula cha siafu." Katikati ya ua palikuwa na mafiga, na juu yake chungu kipya, shingoni kimefungwa mche wa bizari ya manjano na majani yake. Ndani ya chungu ni maziwa. Walikuwa na ng'ombe mmoja tu, naye amezaa juzi, na maziwa yale ndiyo yote. Muthaiya alikuwa zizini akimvika ng'ombe shada la maua. Mama Kamachi ameketi karibu na moto, uso umeelekea jua linakotokea, viganja viwili vimefunguliwa mbele ya kifua kama mtu anayengojea kupiga makofi.

Valiamai akaingia ndani kuchukua mchele mpya na choroko. Alitaka awe navyo mkononi maziwa yatakapopanda.

Maziwa yakapanda. Yakapanda, yakapanda, yakafika shingoni, yakaanza kuchungulia nje. Mama Kamachi akainua kichwa.

Na Mwanamkuu akaruka. Kuni akazivuta. Upawa wa maji baridi akautia. Maziwa yakashuka. Yakataka kupanda tena, akayatuliza tena. Jua likatoka juu ya bonde likakuta chungu kimetulia kimya, na Mwanamkuu amekisimamia, mikono kiunoni.

Valiamai akatoka na ungo wake wa mchele, akasimama pale mlangoni. Akaangalia chungu. Akaangalia jua.

Mwanamkuu akasema kwa sauti ya kusikika na wageni wote, "Shukuru nilikuwepo, mdogo wangu. Ungeaibika leo mbele ya watu. Maziwa ya ng'ombe mmoja yote yangeishia motoni."

Wageni wakacheka, cheko la wema. Valiamai akaweka ungo chini. Akasema, "Asante, dada."

Kikongwe akauliza kitu kwa Kitamil. Valiamai akajibu neno moja. Kikongwe akauliza tena, akagusa sikio lake. Valiamai akajibu neno lile lile. Basi viganja vikashuka polepole, vikalala mapajani.

Wali ukaiva na choroko zake, sukari guru, samli, iliki, korosho zilizokaangwa. Watu wakala wakalamba vidole. Mwanamkuu akaongezwa, akaongezwa tena. Na kutoka siku ile akawa na la kusema kisimani. "Nimemsitiri yule mgeni. Bila mimi mngemwita Mama Povu." Chungu cha Mwanamkuu hakimwagi, na sasa hata cha jirani hakimwagi akiwepo.

Zikapita siku. Mwanamkuu akapita mbele ya baraza ile, haitwi. Akarudi, haitwi. Siku nyingine akakanyaga kwa kishindo makusudi, mama mtu mzima, haitwi. Kikongwe amekaa tu, ameinamia mikono yake. Mwanamkuu akaingia, akasimama mbele yake. "Shikamoo, mama." Kimya. Akamfuata Valiamai uani, akamkuta anafua.

"Mama mkwe wako ana nini na mimi?"

"Hana kitu na wewe, dada. Anasema masikio yake yamekufa. Tukimsemesha hajibu. Anasema anachosikia ni mawazo yake tu yanayomchezea."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pongali."

"Kulitokea nini siku ile? Mbona mimi nilikuwepo na sikuona kitu?"

"Usiniulize, dada."

"Nakuuliza. Mimi si mtu wa kufichwa."

Valiamai akaendelea kufua, halafu akaacha. Akasema kwa upole, na upole ule, wajukuu, ndio ulioua. "Kwetu, maziwa ya pongali lazima yafurike. Hilo jina lenyewe ni kufurika. Yakimwagika motoni jua linapotoka, tunapiga makofi na kelele, tunajua mwaka utakuwa na chakula cha kubaki. Mama alikuwa anangojea sauti ya maziwa yakiingia motoni. Aliniuliza, 'Yamefurika?' Nikamwambia yamefurika. Akasema, 'Mbona sikusikia?' Ningemjibu nini? Wewe ulikuwa mgeni wangu, na watu wote wanakutazama."

Mwanamkuu akasimama pale. Akajisikia anavyosema kisimani: nimemsitiri, nimemsitiri. Kumbe aliyesitiriwa ni nani? Uso ukamshuka. Akatamani ardhi ipasuke immeze na kibwebwe chake. Hakuaga. Alipita barazani akinyata, yeye aliyekuwa akikanyaga ili aitwe, na kikongwe hakuinua kichwa.

Aibu hiyo ilikwenda naye nyumbani. Alikaa nayo jikoni, akalala nayo. Alipoitwa kupika arusi akasema anaumwa, na kweli aliumwa. Akipuliza moto alisikia, "Mbona sikusikia?" Akila wali ulimkwama, maana alikumbuka alivyoongezwa, na mwenye wali anatabasamu. Laiti angegombezwa angegombana, na ugomvi huisha. Lakini aliambiwa asante. Asante ile ilimchoma kuliko tusi.

Mwisho akaona hakuna njia ila moja. Akaenda kwa mfinyanzi, akachukua chungu kipya. Akamwomba Valiamai ruhusa, akakubaliwa. Akakamua ng'ombe wake. Akapita nyumba kwa nyumba, hata kwa yule Mama Povu mzee, na safari hii akamwita kwa jina lake la kuzaliwa, Mwanasiti. "Kesho alfajiri njooni kwa Valiamai." Hakusema kuna nini. Watu wakaja kwa udadisi, kama kawaida ya watu.

Moto ukawashwa mafigani. Mama Kamachi akaletwa karibu na moto, akaketi, mikono mapajani. Hakuifungua.

Maziwa yakapanda. Na mnajua, wajukuu, mkono wa Mwanamkuu ulikwenda wenyewe kwenye upawa. Miaka yote ile, mkono ulishazoea. Akauvuta. Ukaenda tena. Basi akaketi chini mavumbini, mbele ya mji mzima, akaukalia mkono wake.

Jua likachomoza. Maziwa yakafika ukingoni, yakasimama kidogo, yakamwagika. Yakaingia motoni, chwaaa, majivu yakaruka, moshi ukajaa uani. Mtu mmoja nyuma akasema, "Chungu cha Mwanamkuu kimemwaga." Hakuna aliyecheka.

Mwanamkuu akasema, "Mfasirie, Valiamai, neno kwa neno. Mama, siku ile hayakufurika. Ni mimi niliyeyazima, kwa kujifanya najua. Mwanao alidanganya kunifichia aibu. Masikio yako ni mazima. Mimi ndiye nisiyesikia."

Valiamai akafasiri huku analia. Kikongwe akageuzia moto sikio lake. Halafu viganja vikapanda kifuani, vikagonga, pa, pa, pa, na akapiga kelele yao, "Pongalo pongal," kwa sauti iliyokatika katikati. Muthaiya akaitikia, Valiamai akaitikia, hata Bi Mwanasiti akaitikia, vibaya.

Lakini Mwanamkuu hakukaa kula. Aliona haya bado. Aliondoka kwa nyuma, akapitia kando ya baraza, miguu pekupeku, polepole, hata kuku hawakushtuka.

Na kutoka uani, katikati ya makofi na kelele zote zile, sauti ya kikongwe ikaita. "Mwanamkuu, karibu."

Akasimama, akajifunika uso kwa kanga, akarudi.

Basi. Kuuliza si ujinga, wajukuu zangu, na kabla hujamwokoa mtu, muulize kama anazama. Na akikusitiri mwenzio, usiende kisimani kujisifu. Mimi kisa nimekiepua. Wenye njaa na wakikombe, wenye shibe wawaachie wenzao. Haya, leteni nyungo nione chuya zenu.