Roketi ya Nyamizi na Mgeni Rasmi

Gundi haimjui mgeni rasmi. Mmemsikia fundi akijibu hivyo, mkacheka, na sasa mwataka kujua neno hilo lilikotoka. Basi tulieni. Lilianza hivi.

Katika chuo kimoja cha ufundi huko Singida, msichana aitwaye Nyamizi na wenzake waliunda roketi ndefu kuliko mtu mzima. Injini ilikuwa moja tu, ya kuagizwa. Ikiharibika, ndoto imekwisha. Nyamizi alilisugua bomba lililokuwa mwili wa roketi kwa msasa mpaka viganja vikachubuka, kisha akabandika mapezi ya plaiwudi chini yake kwa gundi kali. Gundi ile hutaka kulala mpaka kesho.

Lakini wakubwa ndivyo walivyo. Mgeni rasmi alitazamiwa kesho, akaamua kuja leo, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini. Mkuu wa chuo akaingia karakanani na kopo la rangi.

"Pakeni bluu, anaipenda. Jioni hii inaruka."

"Mkuu, mapezi hayajashika," Nyamizi akasema. "Moja likibanduka angani, roketi itageuka ituangukie."

"Binti, unamjua anayekuja?"

"Mimi namjua. Gundi haimjui mgeni rasmi."

Wenzake wakainama kuficha kicheko.

"Nitamfukuza mtu hapa."

"Nifukuze, Mkuu. Injini siweki." Akaifungia kabatini, akaegemea mlango wake.

Mkuu akaipaka roketi rangi mwenyewe, ikabebwa uwanjani hivyo hivyo bila injini, angalau ionekane. Mgeni akataka picha. Akalishika pezi, akatabasamu, pezi likabaki mkononi mwake.

"Hilo hubanduka, Mheshimiwa," Mkuu akawahi kusema. "Ndivyo lilivyoundwa."

Mheshimiwa akaondoka akifuta bluu vidoleni.

Nyamizi akaliokota pezi, akayabandua na mengine, akaanza kukwangua rangi.

"Acha, shughuli imekwisha," Mkuu akamwambia.

"Yako imekwisha, Mkuu. Yangu bado."

Akasugua upya, akabandika upya, akaiacha gundi ilale usingizi wake wote. Kesho yake akaweka injini, akaiwasha roketi mbele ya viti vitupu na wachunga ng'ombe wawili. Ikapanda wima, shingo zikauma kwa kuitazama. Mkuu akatoka ofisini mbio, akipunga mikono wamsubiri mpiga picha. Roketi ilikwisha kuwa nukta angani.

Basi mkubwa akikuhimiza utoe kazi ambayo haijaiva, usigombane naye. Mwambie tu: gundi haimjui mgeni rasmi.