Askari na Miti Kumi na Miwili ya Sukari

— Nianze, nisianze?

— Anza, bibi!

— Nianze na ya kweli au ya uongo?

— Yoyote, mradi itunogee!

Haya. Hii ina sukari ndani yake, lakini siwaahidi kwamba itawanogea. Nimeisimulia mara nyingi, na hadi leo nikifika mwisho nashika kichwa. Sogeeni, na wewe unayesinzia pale, kaa sawa.

Hapo kale, ng'ambo ya bahari, nchi ya Marekani ilipokuwa bado changa, paliondokea askari akiitwa Jedidia. Alipigana vita miaka saba. Akapigana kwenye mvua, akapigana kwenye theluji, akapigana miguu mitupu. Vita ilipokwisha, wakubwa wake wakamwita.

"Jedidia, umetutumikia vizuri. Shika karatasi hii. Nenda nyuma ya milima, kuna msitu. Mahali utakapotia alama, ni pako."

Jedidia akalia kama mtoto. Msimcheke. Baba yake alikuwa mlimaji wa mashamba ya watu, na walifukuzwa mara tatu, vyombo vikatupwa njiani huku mama yake akitazama. Hapo ndipo Jedidia alipoapa: "Nikipata pangu, hakuna mtu atakayenifukuza tena."

Akamchukua mkewe Tabitha, ambaye alikuwa mjamzito, akachukua ng'ombe mmoja na shoka, wakavuka milima.

Sasa tegeni masikio, maana desturi ya wahamiaji wa huko ndiyo iliyoleta balaa. Mtu akitaka shamba hakujenga ua. Alishika shoka akauvua mti gome lake, duara zima, kisha akachonga herufi za jina lake. Mti ukifanyiwa hivyo hauanguki. Unakufa umesimama. Majani yanapukutika, jua linaingia, na mtu anapanda mahindi chini ya maiti za miti. Ikifika miti mia moja, mpima ardhi anakuja kuihesabu, na shamba linakuwa lako. Yaani hodi yao ilikuwa ni kuua. Makubwa!

Jedidia akaanza. Ko, ko, ko!

Akatokea kulungu. "Ewe askari, nani kakupa?"

"Nimepewa na wakubwa."

"Na wao walipewa na nani?"

Jedidia akainua shoka. Ko, ko, ko!

Akatokea dubu. "Ewe askari, nani kakupa?"

"Nimepewa na wakubwa."

"Na wao walipewa na nani?"

Jedidia akainua shoka. Ko, ko, ko!

Akatokea kigogota, yule ndege agongaye miti kwa mdomo. Huyu hakuuliza. Alisema, "Mimi sina ugomvi na wewe. Mti mfu umejaa wadudu, ni chakula changu. Lakini siku ukianguka mimi nitaruka. Wewe una mabawa?"

Jedidia akamrushia kipande cha gome, akaendelea na kazi. Katikati ya miti ile mifu akajenga nyumba ya magogo. Humo Tabitha akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Silasi.

Baridi ilipokuwa inaisha, Jedidia alikwisha kufikisha miti themanini na minane. Ikabaki kumi na miwili, nayo ilikuwa imesimama pamoja upande wa mtoni. Asubuhi moja akakuta watu pale. Walikuwa mwanamke mtu mzima, jina lake Waseya, na kaka zake wawili, wenyeji wa msitu ule tangu enzi za mababu. Walikuwa wametoboa ile miti na kutia vijiti, na maji yanadondoka kwenye vyombo vya gome, to, to, to. Maji yale ukiyachemsha sana yanageuka sukari. Ndiyo, wanangu, sukari kutoka kwenye mti. Mwenyezi Mungu hashindwi.

"Ondokeni," Jedidia akasema. "Hapa ni pangu."

Waseya akamtazama, akatazama miti themanini na minane iliyokufa. "Kwetu mti wa sukari haukatwi," akasema. "Unatobolewa kidogo, unafungwa, unaachwa upone. Mama yangu alikunywa hapa. Ile mingine umeshaiua. Hii kumi na miwili tuachie, tukupishe kwingine kote. Na jambo moja zaidi, baba. Hamisha nyumba yako. Upepo wa mwezi huu hauchezi na miti iliyokufa."

Jedidia akainua bunduki. "Askari haachi lindo lake."

Wakaondoka. Lakini Waseya alipita mlangoni, akamwachia Tabitha bonge la sukari. "La mzazi hilo," akasema. Tabitha akalipokea kwa mikono miwili.

Siku ya tatu, jua la saa sita likiwa utosini, upepo ukaja. Ukavuma mara ya kwanza, matawi yakavunjika. Tabitha akambeba mtoto.

"Baba Silasi, tutoke."

"Askari haachi lindo lake."

Ukavuma mara ya pili, ng'ombe akakata kamba.

"Baba Silasi, nakuomba, tutoke."

"Nimeshafukuzwa mara tatu maishani. Upepo haunifukuzi."

Ukavuma mara ya tatu, na Tabitha hakuomba tena. Alikimbia na mwanawe mpaka kwenye ile miti kumi na miwili hai, yenye mizizi iliyoshika ardhi. Nyuma yake mti mmoja ukaanguka, ukausukuma wa pili, wa pili ukausukuma wa tatu, na wa tatu ukalala juu ya nyumba na Jedidia ndani.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wengi hulisema tu. Huyu wetu alivunjika kweli, gogo limemlalia pajani, na sauti yake inatoka kidogo kidogo.

Tabitha akapiga yowe. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Akapiga mara ya tatu, na waliokuja mbio walikuwa Waseya na kaka zake, wale wale waliofukuzwa kwa bunduki. Hakuna aliyeuliza neno. Walileta miti mirefu, wakaliinua gogo, wakamtoa. Waseya akaunganisha mfupa, akaufunga kwa magome na kamba, huku kaka zake wakiisimamisha nyumba upya. Siku arobaini akamlisha uji wa mahindi uliotiwa sukari ya miti ile. Siku arobaini! Mtoto naye alikuwa analambishwa kwa kidole.

Jedidia akapona. Akasimama, akatembea akichechemea. Waseya akacheka kwa furaha, akaenda kwake kuwaita wenzake waje wale pamoja.

Sasa hapa ndipo ninaposhika kichwa. Habari zikaja kwamba mpima ardhi anafika kesho. Jedidia akahesabu, iliyosimama na iliyoanguka: themanini na minane. Bila mia shamba litapewa mwingine. Miti mingine hai ilikuwa mbali kwa mguu wake mbovu, ile kumi na miwili ilikuwa karibu. Akachukua shoka.

Tabitha akamziba njia. "Unakwenda wapi?"

"Mama Silasi, nikikosa hii tutafukuzwa tena. Wewe hujui vyombo vyako kutupwa njiani."

"Ndiyo hiyo miti iliyokulisha!"

Akampita. Ko, ko, ko. Mti wa kwanza ukatoka maji yake ya utamu, yakamchuruzika mikononi, na yeye anaendelea. Jioni alikuwa amemaliza yote kumi na miwili. Wanangu, shukrani ya punda ni mateke, nalijua hilo, lakini hata punda husubiri ashibe kwanza.

Waseya akarudi na ndugu zake, wamebeba vyakula. Akaiona miti. Hakulia, hakutukana. Akatua chakula chini, akamwangalia Jedidia muda mrefu, kama mtu anayejaribu kumkumbuka. Kisha wakageuka wote, wakaenda zao upande wa machweo, na hawakurudi.

Kesho yake mpima ardhi akahesabu mia moja kamili. Akapiga muhuri. Jedidia akaingia akichechemea, karatasi juu juu: "Mama Silasi, ni petu!" Nyumbani hamkuwa na mtu. Tabitha alikuwa amembeba mwanawe mgongoni, ameshika kamba ya ng'ombe, na alikuwa amekwisha kuupita mlima.

Jedidia alizeeka pale pale. Kulungu alihama, dubu alihama, na miti iliendelea kuanguka mmoja mmoja. Aliapa hakuna mtu atakayemfukuza tena, na kweli, hakufukuzwa na mtu. Walimwondokea tu.

Basi jueni: anayeharibu kinachomlisha ili akiite chake, hubaki nacho peke yake.

Nami nimeitua hapa ngano yangu. Anayeitaka aibebe, isiyemfaa aipishe njia. Na huyo aliyemaliza sukari kwenye kopo langu ajitokeze mwenyewe, maana shoka ninalo.